Hiari Isiyookoa: Jawabu kwa Wanaoilaumu Tanzia

Imeenea miongoni mwa vijana wetu, na hata miongoni mwa watu wazima wenye elimu na insafu, rai moja ambayo kwa kuwa haipati mpinzani imekwisha kuhesabiwa kuwa ni ukweli: kwamba mchezo wa kompyuta unaomkabidhi mchezaji hiari ya kuamua mambo, kisha ukamfikisha kwenye mauti ambayo hakuna hata uamuzi wake mmoja uliokuwa na uwezo wa kuyaepusha, ni mchezo wa hadaa, na hiari iliyomo ndani yake ni jina tupu. Rai hii haisikiki Ulaya na Marekani peke yake, inakotungwa sehemu kubwa ya michezo hiyo. Utaisikia pia katika vibanda vya gemu vya mji wa Karatu, karibu na barabara kuu iendayo Loduare, lango la kuingilia Ngorongoro, ambako vijana wanaongoja msimu wa watalii, na wengine waliopanda kutoka Mang'ola baada ya kuuza vitunguu, hulipia muda wao na kushika pedi. Wengi wao hucheza mpira, na huko hakuna agombanaye na hatima, kwani dakika 90 zikiisha aliyefungwa amefungwa. Lakini usiku ukiingia, na baridi ya nyanda za juu ikawasogeza watu karibu karibu, wapo waombao michezo ya kutisha, na hapo ndipo malalamiko huanza.

Wanaoishika rai hii si wapumbavu, na ni haki hoja yao ielezwe kwa ukamilifu kabla ya kujibiwa. Wasema kwamba hiari ni uwezo wa kubadili mambo, na kwamba tendo lisilobadili kitu ni mwigo wa hiari tu. Wasema kwamba mtunzi wa riwaya anayo ruhusa ya kumwua shujaa wake apendavyo, kwa kuwa hakumwahidi msomaji lolote zaidi ya kumsimulia, ilhali mtunzi wa mchezo, pale tu alipomgeukia mchezaji na kumwuliza atafanya nini, amefunga naye mkataba, na sharti la mkataba huo ni kwamba jibu litakuwa na taathira. Maadamu mwisho ulikwisha kuandikwa, wao huuliza, tuliulizwa kwa sababu gani?

Shahidi wao mkubwa ni mchezo uitwao The Walking Dead, uliotolewa na Telltale Games ya Marekani mwaka 2012 kwa sehemu tano. Mchezaji humwongoza Lee Everett, mwalimu wa chuo aliyehukumiwa kwa kosa la kuua, ambaye katika nchi iliyovamiwa na wafu watembeao hukutana na mtoto wa kike, Clementine, aliyeachwa peke yake nyumbani, akamchukua akamlea. Mwishoni mwa sehemu ya nne Lee huumwa na mfu mmoja, na kwa kanuni ya ulimwengu huo aliyeumwa hana dawa. Katika sehemu ya tano wenzake humshauri akatwe mkono ulioumwa, huenda sumu ikawa haijapanda, na mchezaji huulizwa: akatwe, asikatwe? Akikatwa atakufa, asipokatwa atakufa, na saa yake ya kufa ni ile ile. Tazameni, wapinzani wasema, huo ndio ushahidi: swali limeulizwa, damu imemwagika, na hakuna kilichobadilika.

Mimi nasema kilichobadilika ni kikubwa, ila hakipo mahali wanapokitafuta. Mchezaji mmoja huukata mkono kwa kuwa ataka kuishi walau saa moja zaidi ya kumtafuta mtoto. Mwingine hukataa, kwa kuwa aona mikono miwili yenye sumu itamfaa Clementine kuliko mmoja ulio salama. Wa tatu hukata kwa hofu tu, na hofu yake mwenyewe humfedhehesha. Watu watatu hao wamekufa kifo kimoja kwa hesabu ya daktari, lakini hakuna mtu mwenye akili atakayesema kwamba wameishi saa moja. Tena yapo maamuzi mengine yasiyoubadili mwisho ila huupa uzito: kuwaonyesha wenzio jeraha au kuwaficha, na hatimaye, pale Lee asipoweza tena kuinuka, kumwomba mtoto ampige risasi asije akageuka mfu, au kumzuia asiubebe mzigo huo na kumwambia aende zake. Mchezo wenyewe haukuacha kumjulisha mchezaji, tangu sehemu ya kwanza, kwamba Clementine anatazama na atakumbuka. Basi taathira ya hiari ilikuwapo, na mahali pake palikuwa moyoni mwa mtoto atakayebaki.

Hapa ndipo lilipo kosa la asili la rai hii: wamedhani kwamba thamani ya uamuzi hupimwa kwa kuokoka tu. Kipimo hicho hawakitumii popote katika aushi yao. Kila mfugaji wa Ngorongoro aliyeuona ukame wa mwaka 2009, ulioangamiza ng'ombe wengi katika wilaya za kaskazini, ajua kwamba mwaka wa namna ile aliyehama mapema hupoteza mifugo njiani, na aliyebaki huipoteza zizini. Wala wazee hawamwambii yeyote kati yao kwamba hakuamua kitu. Huuliza nani aligawana maji na jirani, nani alichinja mapema akawalisha watoto wa nduguye, na nani alifunga lango. Mvua inarudi, ng'ombe hawarudi, na sifa na aibu zilizopatikana msimu huo hubaki kwa majina yao. Nyani naye, ambaye methali yatuambia kwamba siku ya kufa kwake miti yote huteleza, hakuacha kurukia miti siku hiyo. Na lau wapinzani wetu wangekuwa wakweli kwa hoja yao, ingewapasa kusema kwamba hakuna mwanadamu aliyepata kuamua jambo, maana mwisho wetu sote ulikwisha kuandikwa, nao ni mmoja.

Fauka ya hayo, na tuutazame ule mchezo wanaoutaka badala ya huu. Until Dawn, uliotungwa na Supermassive Games ya Uingereza mwaka 2015, huwaweka vijana wanane katika nyumba ya mlimani usiku wa baridi kali, na umejengwa hata wote wanane waweza kuokoka na wote waweza kufa, kwa kadiri ya maamuzi ya mchezaji na wepesi wa vidole vyake. Ni mchezo wa ustadi, sina ugomvi nao. Upo humo mtihani mmoja wa ajabu: kiumbe cha kutisha kikikaribia, mchezaji huamriwa asitikisike, na pedi iliyo mikononi mwake huusikia mtetemo wowote, akitetemeka tu mtu wake amekufa. Sijui ubunifu mwingine uliowahi kuifunga hofu ya mhusika na mwili wa mchezaji namna hiyo. Nami nimemwona kijana mmoja hapa Karatu, mahiri kweli kweli, ambaye pahala hapo palipofika aliilaza pedi juu ya meza, akainua chupa ya soda akapiga funda, akangoja kiumbe kipite, kisha akaichukua tena pedi yake akaendelea. Wenzake walimshangilia, na kwa haki, kwa sababu alikuwa amelipata jibu.

Lakini jibu ndilo lililoua hofu. Maadamu ipo njia ya kuokoka, kila swali la utu hugeuka swali la hesabu: mchezaji hajiulizi tena kama ni haki kumwacha mwenzake gizani, hujiuliza kama kumwacha kunalipa, na akishindwa hukimbilia intaneti, ambako wengine wamekwisha kuandika orodha ya majibu sahihi kutoka mwanzo hadi mwisho, naye huyanakili kama mwanafunzi aliyeupata mtihani usiku wa kuamkia siku yake. Watu wanane huokoka, na hakuna hata mmoja wao aliyependwa. Hiari waliyoidai wapinzani wetu kwa sauti kubwa wameitumia kutafuta nini waambiwe wafanye. Ilhali katika kisa cha Lee, ambamo orodha ya majibu haimfai mtu kwa kuwa hakuna jibu liokoalo, mchezaji hulazimika kuchagua kwa sababu zake mwenyewe. Mwisho uliofungwa ndio ulioifungua hiari.

Upo pia mchezo wa Kijapani, Silent Hill 2, uliotolewa na Konami mwaka 2001, nao ulikwenda mbali zaidi kwa kutomwuliza mchezaji kitu kabisa. Mjane mmoja, James Sunderland, hupata barua ya mkewe aliyekwisha kufa, akaenda kumtafuta katika mji wenye ukungu. Na mchezo, kimya kimya, huangalia kama mchezaji huyatibu majeraha ya James au humwacha akitembea akivuja damu, na kama hulirudia rudia kulitazama lile jisu alilokabidhiwa na mwanamke mmoja aliyekuwa akitaka kujiua. Kwa mambo hayo na mfano wake hupima kama mtu huyu ana haja ya kuishi, na huenda mwishoni ukamzamisha ziwani. Wapo waliolalamika kwamba hawakuonywa kuwa wanaamua. Lakini ni nani miongoni mwetu aonywaye? Tabia ya mtu aghalabu hujengwa katika mambo ambayo hakuyahesabu kuwa ni maamuzi.

Yashangaza zaidi kuisikia rai hii katika lugha ya Kiswahili, ambayo fasihi yake kongwe imejaa kinyume chake. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, kama alivyoutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa ambaye silaha zote zimemshinda ana siri moja ya kifo chake, nayo ni sindano ya shaba ichomwayo kitovuni; na mwanawe, aliyekwisha kughuriwa na mfalme kwa ahadi za cheo na ndoa, humwendea baba kumwuliza siri hiyo. Utenzi haukumfanya Liyongo mjinga: aliitambua hila, naye akaitoa siri. Hapo msikilizaji wa Pwani, ambaye amekisikia kisa hicho tangu utotoni na hana tamaa hata chembe kwamba safari hii Liyongo ataokoka, ndipo anaposogea karibu. Kisha huja lile la kutisha ambalo mtunzi yeyote wa leo angelionea wivu: Liyongo aliyechomwa huenda kisimani, akapiga goti, akaupachika mshale upindeni na kufa vivyo hivyo, na watu wa mji wakakaa kwa kiu, maji yakiwa mbele yao, wasithubutu kuteka kwa kumdhani yu hai, hata mamaye akaletwa kumsihi maiti. Mpe kijana pedi, mweke katika nafasi ya Liyongo, mwulize kama atamwambia mwanawe. Kisha useme kwamba swali hilo ni bure kwa kuwa mwisho wajulikana.

Hali kadhalika tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi wetu. Hakuna aingiaye kuitazama tamthilia hiyo asiyejua kwamba maji hayakuzuia risasi, na kwamba Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 viliishia kwa njaa na makaburi. Walakini uzito wote umewekwa mwishoni, pale Kinjeketile, aliyekwisha kushindwa, anapotakiwa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, naye akakataa, kwa kuwa aliona kukana kwake kutayafuta yale yaliyopiganiwa. Kukataa huko hakukumwokoa yeye wala askari wake. Na Makbeth, aliyeletwa katika Kiswahili na S. S. Mushi mwaka 1968, hakuambiwa na wachawi kwamba ni lazima aue. Alitabiriwa ufalme, na kisu akakishika kwa mkono wake. Wapinzani watasema kwamba mtazamaji wa tamthilia hachagui, hivyo hadanganywi. Nami nawajibu kwamba hiyo ndiyo fadhila iliyozidi ya mchezo: mtazamaji humhurumia Kinjeketile, mchezaji huulizwa kama angeweza kuwa yeye.

Sasa nizijie hoja mbili ambazo naziheshimu kuliko hizo zilizotangulia. Ya kwanza husemwa na wazazi: dunia ina misiba ya kutosha, ya nini kuitafuta kwa fedha? Hapa Karatu hoja hiyo haina mzaha. Tarehe 6 Mei 2017, huko Rhotia, basi lililowachukua wanafunzi wa shule ya msingi kutoka Arusha lilitumbukia korongoni, wakafa watoto 32, walimu wawili na dereva, na wapo humu mjini waliokwenda kutoa miili kwa mikono yao. Mmoja wao akisema hataki kuona kifo katika kioo, sina neno la kumwambia ila pole. Lakini jambo lile lilikuwa ajali, na ajali haina swali ndani yake kwa yule iliyemfika. Vivyo hivyo kaburi la Michael Grzimek kwenye ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, kijana wa Kijerumani aliyefariki Januari 1959 ndege yake ilipogongana na tai akiwa katika kazi ya kuhesabu wanyama wa Serengeti: aliichagua hatari, hakumchagua yule tai. Tanzia ni kitu kingine. Tanzia ni pale mwisho mbaya unapopita katika mikono ya mtu mwenyewe, kwa sababu anazozielewa na pengine anazozionea fahari; na kwa kuwa maisha hutuletea ajali bila idhini na tanzia bila matayarisho, sioni mahali palipo salama zaidi pa kujizoeza ya pili kuliko penye mchezo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Huku kwetu, wapinzani wasema, watu waijua hiari ya karatasi. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walitia sahihi ya kuiacha Serengeti, wakaahidiwa maisha katika Ngorongoro. Na tangu mwaka 2022 kaya zimehamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilaya ya Handeni, kwa mpango ambao serikali huuita wa hiari na ambao baadhi ya wakazi na watetezi wao hukana kwamba ni hiari. Je, mchezo unaomzoeza kijana kuchagua kati ya njia ambazo zote ni hasara, na kuziita hiari, haumfundishi kuinama?

Ingekuwa hivyo lau tungechanganya mambo mawili ambayo ni wajibu kuyatenga. Ipo milango iliyofungwa na mauti, na maradhi, na wakati uliokwisha kupita. Na ipo milango iliyofungwa na mtu, mwenye jina, ofisi na sababu zake. Ya kwanza ni mali ya tanzia. Ya pili ni mali ya madai, na mtunzi ambaye huichukua dhuluma iliyotendwa na wanadamu akaivisha sura ya kadari, ili mchezaji alie badala ya kuuliza nani alifunga, huyo amekhini, nami nitasimama na wapinzani kumlaumu. Lakini dawa ya hiana hiyo si kuupachika kila kisa mwisho mwema, kwani mwisho mwema wa kupachikwa nao huificha dhuluma, tena kwa ustadi zaidi: humfanya aliyeshindwa aonekane kwamba alikosea kubonyeza tu, na wenziwe waliosoma orodha ya majibu waliokoka.

Nakiri basi kwamba tanzia mbovu zipo, na si chache. Mtunzi anayemwahidi mchezaji wokovu hadi dakika ya mwisho kisha akamwua ghafula ili amshtue, huyo ni laghai. Na anayekusanya maamuzi kwa saa kumi kisha akayatupa yote, asikumbuke uliyemsaliti wala uliyemlinda, huyo amempotezea mtu wakati. Hayo ni makosa ya ufundi na ya uaminifu, na malalamiko mengi yasikikayo vibandani, ukiyachunguza, asili yake ni hayo. Ila walalamikaji wameikamata tanzia yenyewe na kuishitaki kwa hatia ya mafundi wabaya.

Kuna vijana Arusha, Dar es Salaam na Nairobi wanaojifunza kutunga michezo, na sioni kwa nini asitokee mmoja katika vilima hivi, ambako Wairaqw wamekuwa wakisimulia habari za pepo wa chemchemi na mito, wawaitao neetlaamee, kabla ya mwalimu yeyote kuufungua mlango wa darasa. Atakapoileta kazi yake, wengi watamshurutisha aweke njia ya kuokoka ili wateja wasinung'unike. Mimi nitamwuliza matatu tu: je, ulinionya tangu mwanzo ni safari ya namna gani? Je, uliyakumbuka niliyoyatenda? Na aliyenifungia njia, ni kadari, au ni mtu uliyemficha nyuma yake? Akinijibu sawa yote matatu, na amwue amtakaye.